Kampuni ya Simu Isiyoishi kwa Simu

Leo naomba tuanzie kwenye vitabu vya hesabu, mahali ambapo watu wengi husinzia. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2022, kampuni ya Safaricom ya Kenya iliingiza zaidi ya shilingi bilioni 107 za Kenya kutokana na M-Pesa. Kutokana na watu kupigiana simu iliingiza kama bilioni 83. Kampuni ya simu iliyo kubwa kuliko zote Kenya inakula zaidi kwenye kutuma pesa kuliko kwenye kupiga simu.

Wengi waliitazama hesabu hiyo wakaisifia M-Pesa, na inastahili sifa. Mimi nilivutwa na ule mstari wa pili. Sauti ya binadamu, bidhaa iliyolisha mashirika ya simu duniani kwa zaidi ya miaka mia, imefikaje mahali pa kuwa namba mbili? Jibu halimo ndani ya kampuni moja. Limo ndani ya nyaya, minara na mikongo, kwa sababu mitandao iliyokuwa mingi imekuwa mmoja, na huo mmoja haujui umebeba nini.

Turudi nyuma kidogo. Simu ya zamani, hata ilipoingia katika kidijiti, iliipima sauti yako mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo kikaandikwa kwa biti 8. Zidisha: biti 64,000 kila sekunde. Njia ya upana huo ilifungwa kwa ajili yenu wawili, tangu «halo» hadi kwaheri. Mkinyamaza, mkisikilizana pumzi tu, njia bado ni yenu na hakuna mwingine anayeigusa. Ndiyo maana shirika lilitoza kwa dakika na kwa umbali, na tuseme kweli, halikuwa likituibia: ulikuwa umeshika kitu, na kwa muda ule kilikuwa chako. Ilikuwa sawa na kukodi basi zima la Dar es Salaam hadi Mwanza ili kupeleka barua moja. Intaneti haikodi basi. Inaikata barua vipande, inaandika anwani juu ya kila kipande, inavipakia kwenye basi lolote lenye nafasi, katikati ya magunia ya watu wengine, halafu vinapangwa upya vikifika.

Ukishakubali kuikata sauti namna hiyo, mengi yanafuata yenyewe. Kipande cha sauti, kipande cha picha, kipande cha hati ya benki, kipande cha mechi ya Simba na Yanga: vyote vinafanana njiani. Zamani simu ilikuwa na nyaya zake, teleksi ilikuwa na mtandao wake, televisheni ilikuwa na mitambo yake, na kila mmoja ulikuwa na mhandisi wake na ankara yake. Hata mazungumzo haya, kwa baadhi yenu yanafika kwa masafa ya hewani, na kwa mwingine aliyeko Muscat au Minneapolis yanafika kwa njia ileile inayomletea picha za harusi ya binamu yake.

Mwaka 1997 mtu mmoja wa Marekani, David Isenberg, aliyekuwa mwajiriwa wa AT&T, aliandika makala yenye hoja ya kuudhi waajiri wake. Alisema mtandao bora ni mtandao mjinga. Akili ikae pembeni, kwenye vifaa vya watumiaji, na katikati pabaki njia tu, inayopitisha bila kuuliza. Kampuni za simu zilikuwa zimejenga mtandao wenye akili nyingi katikati na simu bubu mkononi mwa mteja, na faida yote ilitoka kwenye ile akili ya katikati. Isenberg aliona kwamba mtandao ukishakuwa mjinga, mwenye njia hana tena cha kumtoza mtu kwa kila jambo analolifanya. Haukupita muda mrefu akaondoka AT&T.

Huku kwetu ugomvi huo ulifika kabla wengi wetu hatujawa na anwani ya barua pepe. Barua pepe iliyotoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya mtaa wa pili, kama ofisi hizo zilikuwa na watoa huduma tofauti, ilipanda setilaiti, ikaenda ng'ambo, ikashuka tena Nairobi, na safari ya kwenda na ya kurudi zote zililipiwa dola. Novemba 2000 watoa huduma za intaneti wa Kenya walikubaliana kitu chepesi kabisa: wakutanishe nyaya zao mahali pamoja mjini, wabadilishane palepale. Wakakiita kituo chao KIXP. Telkom Kenya, shirika la simu la taifa, ikalalamika kwamba kubeba mawasiliano ni haki yake peke yake kisheria, na mdhibiti akaamuru kituo kifungwe. Mwezi mmoja haukuwa umeisha vizuri. Ilibidi waombe leseni, wabishane, wasubiri, na kituo kikafunguliwa tena mapema 2002. Nakisimulia kisa hiki kwa sababu pale Telkom haikuwa ikitetea simu. Ilikuwa ikitetea mzunguko wa kwenda ng'ambo na kurudi, ambao haukumfaa mtu yeyote isipokuwa aliyeuuza.

Tanzania ilichukua njia nyingine, na hapa nitakaa kidogo, maana jambo lenyewe halisifiwi inavyostahili. Mwaka 2003 sheria iliunganisha Tume ya Mawasiliano na Tume ya Utangazaji ikazaliwa mamlaka moja ya mawasiliano, TCRA. Ilionekana kama mambo ya ofisi na mabango mapya mlangoni. Lakini aliyesimamia simu na aliyesimamia redio na televisheni wakawa mtu mmoja, wakati televisheni kwenye simu ilikuwa bado hadithi. Mwaka 2005, haki ya pekee ya TTCL, shirika la simu la taifa, ilipofikia kikomo, mamlaka ikaacha kutoa leseni kwa aina ya teknolojia, kwamba huyu wa simu za mezani, huyu wa mkononi, huyu wa data. Ikatoa leseni kwa tabaka nne: miundombinu ya mtandao, huduma za mtandao, huduma za matumizi, na maudhui. Unaweza kujenga njia bila kuuza chochote juu yake, na unaweza kuuza bila kumiliki hata nguzo. Nchi chache za bara hili zilikuwa zimefika hapo wakati ule.

Athari zake unaziona ukiutazama mnara wowote barabarani. Zamani kampuni ya simu ilijivunia minara yake: nina mnara huko, yule hana. Kwa nini leo kampuni tatu zinaning'iniza vyombo vyao kwenye chuma kimoja? Kwa sababu mnara umekuwa biashara yake yenyewe. Mwaka 2013 Vodacom Tanzania iliiuzia Helios Towers minara yake, ikawa mpangaji kwenye nyumba iliyoijenga. Mwenye mnara hajali unazungumza au unatazama tamthilia ya Kituruki. Anataka kodi, dizeli ya jenereta iwepo, na wapangaji waongezeke.

Sasa tuje kwenye dakika yenyewe. Unapompigia mtu wa mtandao mwingine, kampuni yako huilipa kampuni yake ada ya kupokelewa. Hapa Tanzania ada hiyo ilikuwa zaidi ya shilingi 100 kwa dakika. Machi 2013 mamlaka ikaishusha hadi shilingi 34.92, na kufikia Januari 2018 ilikuwa shilingi 15.60, ikaendelea kushuka. Ukiwa na kumbukumbu, utakumbuka miaka ya mtu mmoja kubeba simu yenye laini mbili au tatu, kila laini kwa ajili ya ndugu wa mtandao huo. Ile haikuwa anasa, ilikuwa hesabu. Ada iliposhuka, vifurushi vya mitandao yote vikaja, na laini ya pili mfukoni ikapungua umuhimu wake.

Na kabla ya hapo Celtel, kampuni aliyoianzisha Mo Ibrahim, ilikuwa imefanya jambo la ujasiri. Septemba 2006 iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania: dereva wa lori anayetoka Mombasa kwenda Kampala akapiga simu njia nzima kwa bei za wenyeji wa kila nchi, na kupokea bila kulipa. Mpaka wa nchi, uliokuwa mgodi wa pesa kwa kampuni za simu, ukatolewa bure ili kupata wateja. Nadhani waliopanga jambo lile walijua mgodi ule ungekauka hata wasipoutoa.

Ulikaukaje? Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Mombasa na Dar es Salaam, TEAMS ukafika Mombasa mwaka uleule, EASSy mwaka uliofuata. Hadi hapo pwani hii ilikuwa ikitegemea setilaiti. Njia pana ilipofika, sauti ikaanza kupita humo bila kubisha hodi. WhatsApp ilianzishwa 2009. Facebook ilipoinunua mwaka 2014 kwa dola bilioni 19 hivi, ilikuwa na wafanyakazi wapatao 55, haina mnara, haina duka, haina hata wakala wa vocha. Mwaka uliofuata ikaanza kupigisha simu. Shangazi wa Leicester anayeongea na Tanga saa nzima siku ya Jumapili hatumii hata dakika moja inayoweza kuandikwa kwenye ankara ya kimataifa.

Wapo waliotaka kula pande zote mbili. Mwaka 2013 serikali ya Tanzania ilisimika mtambo wa kufuatilia mawasiliano, TTMS, na bei ya chini ya simu zinazoingia kutoka nje ikawekwa senti 25 za dola kwa dakika. Pengo kati ya bei hiyo na bei ya simu ya ndani likazaa simboksi: simu inatoka ng'ambo, inasafiri kwa intaneti hadi chumba kimoja Dar es Salaam, inaingia kwenye kisanduku chenye laini kadhaa za hapahapa, na kwako inalia kwa namba ya kawaida ya ndani. Ndiyo ile simu ya kaka wa Dubai inayokuja na namba usiyoijua ya hapahapa. Kesi za namna hii zimefika mahakama ya Kisutu zaidi ya mara moja. Ni wizi, sikatai. Lakini ni wizi ulioalikwa na bei: ukiweka senti 25 juu ya kitu ambacho kwa intaneti kinapatikana karibu bure, usishangae watu wakitoboa ukuta.

Serikali nazo zilijikuta zimezoea kula kwenye sahani ya dakika. Dakika zilipopungua, zikaitafuta pesa ilikohamia. Uganda, tarehe 1 Julai 2018, ilianza kutoza shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa kila anayetumia WhatsApp, Facebook na wenzake. Watu wakapakua programu za VPN za kuficha njia. Mwaka 2021 kodi ile ikaondolewa na mahali pake ikawekwa asilimia 12 juu ya bando zenyewe. Yaani walijaribu kutoza kinachopita, wakashindwa, wakatoza njia. Hapa Tanzania, Julai 2021, ikaja tozo ya miamala ya simu, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mkubwa. Kelele zilipanda mpaka kwa mawakala, ikapunguzwa kwa asilimia 30 kabla ya miezi miwili kwisha, na baadaye ikazidi kupunguzwa. Watu waliokuwa wamezoea kutuma kwa simu walianza tena kubeba noti kwenye basi, na wale wa usafirishaji wanajua bahasha ngapi walikabidhiwa.

Hapo ndipo tunapokutana tena na M-Pesa, na hapa namwona Isenberg akipata upinzani ambao hakuutarajia. Kwa hoja yake, kampuni za simu zilipaswa kubaki wauza njia maskini. Safaricom na Vodacom hazikubaki hivyo. Kwa nini? Kwa sababu M-Pesa, iliyoanza Kenya Machi 2007 na Tanzania 2008, haikujengwa juu ya intaneti. Ilijengwa juu ya ule mlango wa nyuma wa simu ya zamani, njia ndogo ambayo minara na simu hutumia kuongea zenyewe, ileile inayobeba SMS za herufi 160. Ukibonyeza nyota 150 nyota 00 reli, hukuingia mtandaoni. Umeingia ndani ya nyumba ya kampuni, na mlinzi wa mlango ni yeye. Simu ya kitochi inatosha. Benki ikitaka kumfikia mteja wake kwa njia hiyo, inapita kwa kampuni ya simu na inalipa. Akili ilibaki katikati kwa kuwa mkononi mwa mteja palikuwa na simu isiyo na akili.

Kwa hiyo naweza kusema kwamba kampuni zetu ziliokolewa na uchakavu wa simu zetu. Si sifa nzuri sana, lakini ndivyo ilivyo. Na hali hiyo inabadilika. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana wateja wao watumiane pesa moja kwa moja, na Vodacom ikaingia 2016. Baadaye Benki Kuu ikajenga TIPS, njia ya kati ya malipo ya papo kwa papo inayoziweka benki na kampuni za simu kwenye meza moja. Safaricom yenyewe ilifungua mlango wake kwa watengenezaji programu mwaka 2017, ikaupa jina la Daraja, na 2021 ikaleta programu ya M-Pesa inayopitia intaneti kama programu nyingine yoyote. Mlango wa mbele umefunguliwa. Mlinzi wa mlango wa nyuma bado analipwa, lakini wageni wameanza kupita mbele.

Atakayetaka kuona mwisho wa njia hii atazame India. Septemba 2016 Reliance Jio iliwasha mtandao wa 4G usio na kipande chochote cha simu ya zamani ndani yake. Sauti ni data kama data nyingine, basi simu za ndani ya nchi zikatolewa bure, na mpango ukawa mteja alipie data tu. Ilipata wateja milioni 100 katika muda usiozidi miezi sita. Waliokuwa wakiuza dakika walianguka, wakauzwa, wakaungana; Vodafone na Idea, mahasimu wa zamani, walijikuta nyumba moja mwaka 2018. Mteja wa India alifurahi kwa bei. Pia alibaki na kampuni chache za kuchagua.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji kwenye matangazo. Simu ya mezani ya waya wa shaba ilipata umeme wake kutoka kwenye kituo cha simu. Shirika la umeme, TANESCO, likikata, taa zinazimika, simu inafanya kazi. Simu inayopita kwenye faiba na kisanduku cha nyumbani hufa pamoja na taa. Uingereza walipanga kuzima mtandao wa shaba mwishoni mwa 2025, wakasogeza hadi Januari 2027, na sababu kubwa ilikuwa wazee wanaovaa kitufe cha dharura shingoni kilichounganishwa na laini ya zamani. Wapo Waswahili wengi wanaofanya kazi ya kuwatunza wazee hao, na wanakifahamu kitufe hicho kuliko mhandisi yeyote.

Kisha tarehe 12 Mei 2024. Mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika siku moja, na kutoka Tanzania hadi Kenya na Uganda watu walikaa wakitazama duara likizunguka kwenye kioo. Ofisi, maduka, hospitali, vyumba vya habari: vyote vilikuwa vimehamia njia moja, na njia ikakatwa chini ya bahari. Mitandao mingi ilikuwa ghali na yenye upotevu, lakini ilikuwa haifi pamoja. Na mkono wa kuikata si lazima uwe wa nanga ya meli. Siku ya uchaguzi wa Februari 2016, Uganda ilifunga mitandao ya kijamii na huduma za pesa za simu kwa pamoja, na mama mwenye duka asiyejua Twitter ni nini alishindwa kulipia mzigo wake. Hasara ya namna hiyo haimo kwenye hesabu ya kampuni yoyote niliyoisoma.

Sasa njia nyingine imekuja kutoka juu. Starlink, intaneti ya setilaiti ya SpaceX, ilianza kuuza Kenya Julai 2023. Mwaka mmoja baadaye, Julai 2024, Safaricom iliiandikia Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ikiomba kampuni za setilaiti zisipewe leseni za kujitegemea, bali zipitie kwa wenye mitandao waliopo nchini. Nilipoisoma hoja hiyo niliifikiria Telkom Kenya ya mwaka 2000, ila safari hii anayeomba ulinzi ni yule aliyemshinda Telkom. Tofauti ni kwamba Safaricom haikungoja jibu imekaa: Septemba 2024 ilipandisha kasi ya faiba ya majumbani bila kupandisha bei. Novemba, Starlink nayo ikasimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti jirani, kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa. Ndiyo, hata angani panajaa.

Airtel Afrika imechagua vingine. Mei 2025 ilitangaza mkataba na SpaceX wa kuipeleka Starlink kwa wateja wake, hasa kampuni, shule na vituo vya afya vijijini ambako kusimamisha mnara hakulipi. Mmoja aliandika barua kwa mdhibiti, mwingine alisaini mkataba na mgeni. Kama ningelazimishwa kuweka akiba yangu kwa mmoja wao kwa miaka mitano ijayo, na hii si nasaha ya uwekezaji, ningeiweka kwa yule aliyesaini, huku nikimwomba anionyeshe kifungu kinachosema mteja wa mwisho ni wa nani.